Mwenyeji Wenu Amehama

Kuna watu ukiwaambia wajieleze kidogo wanakosa la kusema, na kuna wengine ukithubutu kuwaambia hivyo utajuta, maana utakaa hapo mpaka chai ipoe, imwagwe, ichemshwe nyingine nayo ipoe. Fundi wa mizani alikuwa wa kundi la pili. Mpe kiti na mtu wa kumsikiliza, atakupandisha milima mitatu, akuvushe mto juu ya pipa, akulaze kwenye ghala la pamba, halafu akurudishe ulipokaa bila hata kukuuliza kama umechoka. Mtaani walimwita Mguu Niponye. Jina hilo walimpa kwa mapenzi, na kwa kumsuta pia, kwa sababu haikuwahi kutokea mwezi ukaanza na kuisha yeye akiwa nyumbani kwake.

Ndiyo maana alipomaliza siku ya pili mbele ya simu, ameshindwa kuandika mistari minne ya kujitambulisha, mwenyewe alijishangaa.

Kazi ndiyo iliyomfundisha njia. Alitengeneza mizani: zile za sahani mbili za madukani, zile za kuning'iniza za kliniki za watoto wachanga, na zile kubwa za chini za vinu na maghala zinazobeba gunia zima. Mizani haimfuati fundi, fundi ndiye anayeifuata. Basi alibeba sanduku lake la mbao lenye mawe ya shaba, kuanzia gramu tano hadi kilo mbili, kila jiwe katika tundu lake, akazunguka mji hadi mji. Kazi ikiisha Jumanne, yeye alirudi Ijumaa ya wiki iliyofuata, kwa sababu kulikuwa na mlima upande wa pili ambao hajaupanda, au kijiji ambacho jina lake limempendeza tu.

“Tembea uone,” alimwambia mkewe kila alipokuwa akifunga begi.

“Tembea wewe,” mkewe alijibu. “Mimi nitaona.”

Walikuwa na mtoto mmoja, binti, ambaye sasa ana miaka thelathini na minne na ni mtunza maktaba katika shule moja ng'ambo ya mji. Yeye ndiye aliyewaeleza wazazi wake, miaka kumi na mmoja iliyopita, kwamba kuna chama cha wasafiri kwenye mtandao, watu wa kila mahali wanaopeana malazi bure. Leo unalala kwangu, kesho mwingine atanilaza. Fundi alifurahi kama mtoto aliyefunguliwa geti. Lakini aliyejiandikisha ni mkewe, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na subira ya kujaza fomu. Ukurasa ukawa kwa jina la mama, na chini yake mstari mmoja mdogo: mume wangu, msafiri.

Ukurasa wenyewe ulikuwa na pande mbili. Upande wa mgeni, wenyeji waliandika jinsi walivyomwona fundi alipolala kwao. Upande wa mwenyeji, wageni waliandika jinsi walivyopokewa nyumbani kwake. Upande wake fundi aliujua kwa moyo. “Mcheshi sana.” “Ametutengenezea mizani ya jikoni bila kuombwa.” “Hadithi zake haziishi.” Nyumba hamsini na mbili zilimsifu, naye aliwasomea sifa hizo wenye maduka, madereva na vinyozi. Ule upande mwingine hakuwahi kuufungua hata siku moja.

“Niusome wa nini?” alisema. “Nyumba yangu naijua.”

Mkewe alifariki fundi akiwa mlimani. Si kwamba alikimbia ugonjwa, la. Alimwacha mzima, anapepeta mchele, anamwambia asisahau koti. Siku nne hakukuwa na mtandao. Siku ya tano aliteremka hadi kituo cha basi cha mji mdogo, simu ikashika, zikaingia jumbe kumi na saba za binti yake kwa mkupuo. Alizisoma kuanzia juu, kwa mpangilio, kama mtu asomavyo barua. Ya kwanza ilisema, “Baba, mama tumempeleka hospitali, piga.” Ya mwisho ilisema, “Tumerudi makaburini.”

Alipofika nyumbani, binti hakumlaumu. Alimpa kiti. Akampa maji ya kunywa. Akamwuliza, “Pole na safari, baba, njia ilikuwaje?” Fundi angepigwa kofi ingekuwa nafuu.

Ikapita miezi mitatu. Sanduku la mawe likakaa chini ya meza ya kazi, fundi akawa anatengeneza mizani za wale tu waliozileta mlangoni. Ndipo chama kikatuma ujumbe: mwanachama hajafungua ukurasa wake kwa siku tisini, utafungwa baada ya siku saba na yote yaliyomo kufutwa, isipokuwa mtu wa nyumba hiyo aeleze nini kimempata mwanachama, kisha naye ajitambulishe kwa wenyeji na wageni wa baadaye.

Fundi akaona, ngoja kwanza nitazame ni nini hicho kitakachofutwa. Akafungua upande wa mwenyeji, akasimama pale pale kwenye meza ya kazi, bisibisi mkononi.

“Mama alinipa kitanda chake, akalala kwenye kiti, halafu akanidanganya kwamba mgongo wake unapenda viti.”

“Nilifika na homa. Aliniuguza siku tatu. Nikamwuliza mumeo yuko wapi, akasema yuko pazuri, maana angekuwa pabaya angepiga simu.”

“Nitamkumbuka kwa kicheko. Anacheka mpaka anashika ukuta.”

Hapo fundi akaacha kusoma. Anashika ukuta? Ukuta upi? Miaka thelathini na sita ya ndoa, alimjua mkewe akitabasamu, akiguna, akicheka kwa pua. Kucheka mpaka akashika ukuta hakuwahi kumwona. Alizunguka nyumba nzima akitazama kuta, chumba hadi chumba, mtu mzima wa miaka sitini na mmoja. Kisha akarudi akasoma maoni yote arobaini na moja, na alipomaliza alijua jambo moja tu analolitaka duniani: maneno yale yasipotee. Mkewe mzima mzima alikuwa mle ndani, na yeye alikuwa hajamsoma.

Akampigia binti yake. Binti alikuja Jumamosi asubuhi, akasalimia, akaweka mkoba wake mezani kati ya mizani mbili zilizofunguliwa, akasoma ujumbe wa chama.

“Si kazi kubwa, baba. Wanauliza nini kimempata mama, unabonyeza. Halafu unaandika wewe ni nani.”

“Hapo pa mimi ni nani ndipo pagumu.”

“Wewe?” Binti alicheka kidogo, mara ya kwanza tangu msiba. “Leo umekosa maneno wewe? Ngoja nikuwekee chai.”

Akaenda jikoni. Fundi akabaki peke yake na swali la kwanza. Majibu yalikuwa matatu: amejitoa, amehama, amefariki. Kidole kikaenda kwenye la tatu, kikagoma. Usicheke, kuna watu wameshindwa na neno hilo wakiwa na elimu kubwa kuliko yake. Tangu siku ile ya kituo cha basi alikuwa hajalitamka. Watu walimpa pole, naye akaitikia “tumeshapoa”, basi. La kwanza lilikuwa uongo, mkewe hakuwahi kujitoa katika chochote. Likabaki la katikati. Na kwa mtu aliyeishi njiani, asiyekuwepo nyumbani si yuko mahali? Akabonyeza.

Binti alirudi na vikombe viwili, akatazama kioo cha simu, akavishusha mezani taratibu.

“Baba, umebonyeza nini?”

“La katikati.”

“Mama amehama?”

Fundi akavuta kikombe chake karibu.

“Amehamia wapi? Niambie basi na mimi nikamtembelee.” Sauti yake haikupanda, na hilo lilikuwa baya zaidi. “Tulikupigia simu siku tatu, baba. Mimi na mjomba. Mama alikuwa anauliza umefika wapi, nikawa namdanganya, namwambia uko njiani, uko karibu. Mimi nimelisema lile neno kwa daktari, kwa jirani, kwa walimu wenzangu, kwa mchimba kaburi. Wewe umeombwa kulibonyeza tu.”

Akachukua mkoba wake akaondoka, chai yake haikuguswa.

Majuto ni mjukuu, lakini mjukuu wa fundi alifika mapema. Kabla ya adhuhuri chama kilikuwa kimewatumia wageni wote arobaini na mmoja ujumbe: “Mwenyeji wenu amehama.” Na yeye mwenyewe akapata wake: maoni humfuata mwanachama popote anapohamia, tafadhali andika anwani yake mpya ndani ya siku zilizobaki, la sivyo ukurasa utafungwa kama tulivyoeleza. Wageni nao wakaanza kujibu. “Hongera mama kwa nyumba mpya!” “Mama, tupe anwani, tunapita huko mwezi ujao.” “Je, jiko la huko lina dirisha? Ulikuwa ukililalamikia hilo la zamani.” Fundi hakujua kwamba jiko lina tatizo la dirisha. Alikwenda akalitazama. Kweli, moshi wa mafuta ulikuwa umeupaka weusi ukuta mzima, na dirisha lilikuwa dogo, ungedhani limewekewa paka.

Hakumjibu mtu. Siku hiyo na iliyofuata alipambana na kujitambulisha. Aliandika, “Mimi ni msafiri shupavu, nimepanda milima saba.” Akafuta. Akaandika, “Mimi ni mtu wa watu.” Akafuta haraka zaidi. Alijua kuzungumza akiwa mgeni, pale mtu anapotoa hadithi kama malipo ya kitanda. Kama mwenyeji hakuwa na hata hadithi moja.

Siku ya Jumatatu alikuwa ananyoosha springi ya mizani ya kliniki pale mlangoni, akasikia hodi. Alikuwa mwanamke mwenye umri wa binti yake, buti za vumbi, begani miguu mitatu ya chuma ya kusimamishia darubini ya kupimia viwanja.

“Shikamoo, baba. Wewe ndiye msafiri? Hatimaye nimekuona! Mimi ni mpima ardhi, huwa nafikia hapa kila nikija kwa kazi. Mama amehamia wapi?”

“Marahaba. Karibu,” alisema fundi. “Amehamia... mbali.”

“Mbali ndiyo kazi yangu. Niambie nipande basi gani.” Akatua mzigo, akatoa kwenye begi jozi ya raba mpya, nyeupe, zimefungwa pamoja kwa kamba zake. “Namba thelathini na tisa. Tulikubaliana safari hii twende naye kazini kwangu siku mbili, akaone vilima. Nimemwahidi mwaka mzima.”

Fundi alizitazama zile raba. “Mke wangu? Kusafiri? Mke wangu hapendi safari.”

“Hapendi?” Mpima ardhi alidhani anataniwa. “Baba, alikuwa ananihoji kila njia niliyopita. Nilimwuliza mbona huendi na mumeo, akasema hujawahi kumwuliza.”

Springi ilimponyoka fundi mkononi ikaanguka sakafuni. Alitaka kusema lolote lingine. Mtu wa maneno kama yule, angeweza kusema kuhusu mvua, kuhusu springi, kuhusu vilima. Lakini yule mwanamke alikuwa amesimama mbele yake ameshika viatu, anasubiri kuambiwa apande basi gani, na angelipanda kweli.

“Amefariki,” alisema. “Mwezi wa tatu sasa. Alifariki, akazikwa, na mimi sikuwepo.”

Mpima ardhi akaketi kwenye kreti la vyuma, akaweka raba mapajani, akalia kwa sauti. Fundi, aliyekuwa amemeza kilio chake tangu kituo cha basi, akaketi chini kwenye kizingiti, naye akalia. Mteja mmoja alikuja na mizani yake ya nyanya, akawaona, akarudi kinyumenyume.

Walipotulia, fundi akakumbuka kwamba ana mgeni. Mgeni njoo mwenyeji apone, wahenga walisema, ila mwenyeji huyu hakujua hata pa kuanzia. Aliingia chumba cha wageni, godoro tupu. Akafungua sanduku la nguo, hakuna. Akafungua kabati, sufuria. Alikuwa anainama kutazama chini ya kitanda, mpima ardhi akasema kutoka mlangoni, kwa upole wa kumstahi, “Shuka ziko kabati la ukumbini, juu, baba. Upande wa kulia. Foronya za mito ziko chini yake.”

Wakatandika pamoja. Mgeni alijua birika liko wapi, sukari iko wapi, na kwamba mpini wa mlango wa jikoni lazima uunyanyue ndipo ufunge. Akamchemshia mwenye nyumba chai, wakanywa wamekaa kwenye benchi la kazi.

“Mwenzako mimi nilidhani wananikaribisha kwa sababu ya hadithi zangu,” alisema fundi. “Nyumba hamsini na mbili.”

Mpima ardhi alisita, lakini hakuwa mtu wa kuficha. “Hadithi nzuri, baba. Ila mimi mtu akiomba kulala kwangu, nasoma kwanza nyumbani kwake watu wanapokewaje. Wote tunafanya hivyo. Waliokupokea walimsoma mama kwanza.” Akazungusha kikombe. “Nilimwambia siku moja, mama, unajichosha na watu usiowajua. Akasema, ‘Nikimtandikia mtoto wa mwenzangu, yuko mwenzangu atakayemtandikia wangu. Simjui, lakini atamtandikia.’”

Fundi akaweka kikombe chini. Alivikumbuka vitanda hivyo, kimoja baada ya kingine, blanketi zilizokunjwa pembeni, taulo lililowekwa juu ya mto. Miaka kumi na mmoja alikuwa akilala katika vitanda alivyotandikiwa na mkewe, na asubuhi akiwashukuru watu wengine.

Mpima ardhi alipoondoka Jumatano, aliziacha zile raba. Siku hiyo hiyo, ikiwa imebaki siku moja, fundi akafungua ukurasa, akarudi kwenye swali la kwanza, akabonyeza la tatu. Kisha akawaandikia wageni mmoja mmoja, mara arobaini, kwa kidole kimoja, na kila mara aliliandika lile neno lote, hakulifupisha wala hakulipamba. Halikuzoeleka. Mara ya arobaini liliuma kama ya kwanza. Mwisho akajitambulisha:

“Mimi ni fundi wa mizani. Nimelala katika nyumba hamsini na mbili za watu. Mke wangu amefariki, na yeye ndiye aliyekuwa mwenyeji. Sifa zote mnazosoma hapa ni zake, mimi sikuwepo. Sijui kupokea wageni. Shuka najua zilipo, nimeonyeshwa. Jikoni kuna moshi, dirisha ni dogo, nimeita mwashi alipanue. Mlango wa jikoni unyanyue kwanza. Atakayekuja atanivumilia. Safari nimeacha. Nipo.”

Chama kikajibu kesho yake kwamba ukurasa utabaki, kwa jina lake, na maneno ya wageni wa mama yatabaki mahali pake. Fundi alisoma hilo mara mbili. Alitaka kumpigia binti yake, akaogopa.

Wiki mbili hakuja mtu. Mwashi alikuja, akavunja ukuta, akaacha vumbi, akaweka dirisha. Kisha Alhamisi moja mchana, simu ikalia mlio wa chama: kuna ombi la kulala, Ijumaa hadi Jumapili, mgeni mmoja. Fundi akafuta mikono kwa kitambaa cha mafuta, akafungua.

“Mimi ni mtunza maktaba. Nimesoma ulivyojitambulisha. Nilikulia katika nyumba hiyo, lakini sikumbuki kama niliwahi kulala humo siku mbili mfululizo baba akiwepo. Naomba nijaribu.”

Aliketi kwenye kreti. Alisoma tena, akajibu, “Karibu, mwanangu,” herufi zikimchezacheza. Lakini chama kina utaratibu wake. Ombi halikubaliki mpaka mwenyeji ajaze yote. Mgeni anafika saa ngapi. Mgeni anapenda mto mmoja au miwili. Na mstari wa mwisho: kuna chakula ambacho mgeni wako hali?

Fundi alijaribu kumkumbuka binti yake mezani, akiwa mdogo, akiwa msichana, akiwa mtu mzima, ametengewa sahani. Alimpata akiwa amelala. Alimpata mlangoni, anapunga mkono. Mezani hakumpata. Basi akafanya kile ambacho hakuwahi kukifanya katika nyumba ile: aliuliza.

“Mwanangu, kuna chakula usichokula?”

Jibu likaja.

“Samaki sili, baba. Tangu nina miaka sita.”

Fundi akahesabu. Miaka ishirini na minane. Akarudi kwenye fomu, na katika nafasi iliyoachwa akaandika, polepole, asikosee herufi: mgeni wangu hali samaki.